Msemaji Aliyetangulia

Mwalimu mmoja alikuwa na darasa zuri lisilo na watoto. Jina lake Zebedayo, na darasa lenyewe lilikuwa la kusoma, saa nane mchana, alilolianzisha kwa chaki zake mwenyewe. Siku ya kwanza walifurika arobaini na mmoja, wengine wakakalia dirisha. Kila mtoto alirudi nyumbani na kitabu pamoja na karatasi ya mzazi kutia saini: nimemsikiliza mwanangu akisoma, nimemsahihisha. Bila saini, hakuna kuingia. Zebedayo aliipenda karatasi ile kama aliyeizaa. Mwezi wa tatu wakabaki tisa. Mratibu elimu wa kata akapita, akahesabu vichwa mara moja tu, akasema kama shule itafungwa kwa likizo na watoto hawajafika ishirini, chumba kile kitageuzwa stoo ya saruji.

Zebedayo hakuwa mtu wa kukunja mikono. Alikuwa mtu wa maneno. Akianza kueleza jambo, hata kengele ya mapumziko ilisita kulia. Akatunga dodoso la maswali kumi, akalituma kwa wazazi. Majibu yakarudi upesi ajabu. Wazazi wote wanalipenda darasa. Wazazi wote wanampenda mwalimu. Na wazazi wote wana mwandiko wa darasa la tatu, mmoja wao amechora na kuku pembeni.

Akaacha karatasi, akakaza kamba za viatu, akaenda nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza wakampa kiti, wakamwambia, "Hakuna tatizo, mwalimu, kesho atakuja." Nyumba ya thelathini wakamwambia vilevile, wakamwongezea papai. Alirudi na mapapai ya kutosha kufungua genge. Kesho yake walikuja watoto wanane.

Ndipo akaitwa semina wilayani, akafundishwa jambo liitwalo majadiliano ya kikundi. Waketishe watu wanane wanaoguswa na jambo moja, uliza swali moja, kisha nyamaza; asichoweza kukuambia mtu akiwa peke yake, atakisema akiwa na wenzake. Zebedayo alirudi moyo unamdunda kama aliyeficha dhahabu kwenye soksi. Chakula alikila amesimama.

Akaita watu wanane. Akaweka meza, akatandika kitambaa, akamkaribisha kwa heshima Mzee Machumu, mwenyekiti wa kamati ya shule kwa miaka kumi na miwili, afungue kikao. Mzee akakohoa, akasema watoto wa siku hizi wavivu, akaketi. Wa pili akasimama. "Mimi sina mengi. Naungana na msemaji aliyetangulia." Wa tatu akaungana. Wa nne akaungana. Wakaungana wote saba, na mwalimu akaandika uvivu mara nane.

Akiwa njiani kurudi kwake, alisimama ghafla katikati ya barabara, mbuzi wa watu wakampita huku na huku. Aliyesema alikuwa mmoja! Wengine walikuwa mwangwi tu. Na mwangwi hauchagui, unairudisha sauti yoyote iliyoanza. Akacheka peke yake, akatembea haraka, mwisho akakimbia, mtu mzima na tai yake shingoni.

Wiki iliyofuata akawaita walewale wanane. Safari hii hapakuwa na meza wala kitambaa, ila mabenchi yaliyotazamana kwenye jiko la uji la shule. Mzee Machumu akatazama huku na huku akitafuta mahali pa mbele, asipaone.

"Leo hatufungui, mwalimu?"

"Tumeshafungua, Mzee. Karibu ukae."

Akamgeukia Mama Sekunda, muuza maandazi, ambaye mara ya kwanza alikuwa wa mwisho kuungana, tena kwa sauti ya ndani ya khanga. Akamuuliza nini kinawatoa watoto darasani. Kisha akanyamaza. Kunyamaza kulimtesa kuliko zile nyumba thelathini; aliuma kalamu hadi wino ukamjaa mdomoni.

Mama Sekunda akatazama majivu, kisha akasema, "Ni ile karatasi yako, mwalimu. Nilikaa nimsahihishe mwanangu, akaniambia, mama, kitabu umekigeuza juu chini. Tangu siku ile, ikifika saa nane namtuma akauze maandazi, nisikione tena kile kitabu."

Hakuna aliyecheka. Jirani yake akakuna shingo. "Naungana na msemaji aliyetangulia," akasema. Na wa tatu akaungana, na wa nne, maneno yaleyale ya wiki iliyopita, lakini sasa kila mmoja aliyatoa kama anayetua gunia. Ikafika zamu ya Mzee Machumu. Watu wakaangalia chini ili wasimwangalie. Mzee akavua kofia.

"Mihtasari ya vikao vya shule hii nimeitia saini miaka kumi na miwili. Sijausoma hata mmoja. Naungana na msemaji aliyetangulia."

Hapo ndipo wakacheka, na Mzee akiwemo, hadi masufuria yakajibu. Zebedayo alicheka na mdomo wake wa wino, huku uso ukimwaka. Alikuwa ametembea kijiji kizima akimtafuta aliyewafukuza watoto, na mwenyewe alikuwa ndani ya mkoba wake, amepigwa chapa, nakala arobaini na moja.

Jumatatu mratibu alipopita, ilimbidi ahesabu mara mbili. Watoto walikuwa arobaini na mmoja, wengine dirishani. Karatasi hazikuwepo. Na kwenye benchi la nyuma walikaa watu wazima wanane, Mzee Machumu katikati, na Sekunda amesimama mbele ya mama yake, anamshikia kitabu kikae sawa.

Nawe unayetaka kujua yaliyo moyoni mwa watu wako, neno la kwanza umempa nani?