Mpishi Lazima Aonje

Paukwa!
Pakawa!
Chungu?
Cha watoto.
Mwiko?
Wa mpishi.
Na aliyekomba?
Tumsikie.

Basi sogeeni. Ngano hii inanisikitisha, na nikinyamaza katikati msinicheke.

Palikuwa na chekechea ya wanyama, chini ya majabali. Kila asubuhi akina mama walileta maharage, dagaa na mchicha, wakawaacha watoto, wakaenda kutafuta riziki. Mpishi alikuwa Fisi. Alijichagua mwenyewe, na kwa ukubwa wa taya zile, nani angebisha?

Chakula kikiiva, Fisi husema mpishi lazima aonje. Huonja, lap! Husema chumvi haijakolea. Huonja tena, lap! Husema sasa imezidi. Huonja upande huu, huonja upande ule, lap, lap, lap, mpaka mwiko ugonge chungu kitupu, ko! Kisha, ili watoto wasilie, humpa kila mmoja kipande cha sega la asali kutoka kwenye mzinga uliokuwa pale. Watoto hulamba na kumsifu. Jioni mama zao wakiuliza kama wamekula, hujibu wameshiba, tena vitamu.

Siku zikaenda hivyo. Watoto wakawa na matumbo makubwa, miguu myembamba. Wakipewa mboga nyumbani, wanageuza shingo. Aliyedhoofika kuliko wote ni Kidoti, mtoto pekee wa Mama Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama mdogo anayeota jua mawe­ni. Mama Pimbi alimbembeleza mwanawe, akamwimbia, akamfinya, akalia. Kidoti akafumba mdomo. Anataka asali.

Siku moja Mama Pimbi hakwenda kutafuta riziki. Alijificha nyuma ya jabali, akaona kule kuonja kulivyo. Moyo ukamwuma, lakini taya zile angezifanya nini? Akajitokeza kwa adabu.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kukuonya tu. Onja vyote, ila asali usiiguse. Mkubwa akiila peke yake, asimpe mtoto hata tone, huota manyoya ya shingoni kama Simba. Na hapa Simba ni mmoja tu, anatosha."

Fisi akapapasa shingo yake. Kesho yake akabeba mzinga mzima, akajifungia pangoni. Akalamba asubuhi, akajitazama kwenye maji. Akalamba jioni, akajitazama kwenye maji. Manyoya hayakuota. Meno ndiyo yaliyotoboka, kisha yakaanguka, po, po, po. Kwa aibu hakurudi tena chunguni.

Sasa chungu kilijaa, ila watoto hawakukitaka. Walililia asali. Mama Pimbi hakuwahimiza kula. Alikaa mbele yao, akadondosha mchuzi wa mchicha kiganjani, akalamba, akafumba macho.

Mtoto wa Swala akaomba na yeye aonje. Mama Pimbi akakataa, akasema wanaonja wapishi tu. Basi wote wakawa wapishi. Wenye viganja wakanyoosha viganja, wenye kwato wakanyoosha kwato. Akawadondoshea kidogo kidogo, huku akijifanya hataki. Wakaonja, lap, lap, lap, mpaka mwiko ukagonga, ko!

Kidoti alikuwa amelala pembeni, hana nguvu ya kusogea. Mama yake akamfuata na mchuzi uliobaki kiganjani.

"Mwanangu, leo mpishi ni wewe. Onja uniambie, chumvi imekolea?"

Kidoti akalamba mara moja.

"Imekolea, mama."

Akalala, na hakuamka.

Ujanja wa Mama Pimbi uliwatosha watoto wote wa pale, ila mwanawe ukamchelewa. Inauma sana. Kesho yake alirudi, macho yamevimba, akabandika chungu, maana wale wengine walikuwa wanamsubiri.

Ngano imefika chini ya chungu, aliyebaki na njaa akombe. Na funzo lake, watoto, ni hili: mchicha, maharage na dagaa si vyakula vya watoto hata kidogo. Ni vya wapishi tu. Kwa hiyo hiki chungu kilicho kando yangu msikiguse, naonja peke yangu.

Nani huyo ananyoosha kiganja?