Mbuzi wa Babu

Palikuwa na mji mmoja, kina mama, serikali yake haikuamini karatasi. Karatasi ni chakula cha mchwa, walisema. Hati ya kila shamba iliandikwa juu ya ngozi ya mbuzi, tena si ngozi ya jana. Ililowekwa kwenye chokaa, ikaparwa manyoya na nyama, ikawambwa juani mpaka ikakauka vizuri.

Basi mjini humo alikuwepo mjane mwenye shamba la migomba aliloachiwa na mumewe. Shemeji yake, bwana wa kanzu zilizopigwa pasi, aliitamani ile migomba kuliko alivyomtamani mkewe mwenyewe. Na mkewe alilijua hilo, lakini hayo tuyaache. Siku moja bwana huyo akaibuka barazani kwa hakimu na hati yake.

"Shemeji, funga virago," akamwambia mjane mbele za watu. "Babu alikwisha niandikia shamba hili kabla sijaota meno."

"Na siku zote hizo ulikuwa umeificha wapi?"

"Kitu cha thamani hakianikwi, shemeji."

Mjane akamkabidhi hakimu hati ya marehemu mumewe. Hakimu akazitandaza zote mbili mezani. Nzi akatua kwenye ya shemeji. Akaja wa pili. Likaja kundi. Mbwa wa askari wa mlangoni akanyanyuka, akaanza kulamba kona ya hati. Kumbe bwana alikuwa na haraka! Ngozi yake haikuona chokaa, aliikausha juu ya moshi wa jikoni ipate rangi ya uzee. Rangi ilikuja, nyama ikabaki.

Hakimu akauliza taratibu, "Babu yako alifariki lini?"

"Zamani sana, mheshimiwa."

"Na mbuzi wake, mbona amekufa juzi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Mjane akatoka na shamba lake, vigelegele mbele na nyuma. Mlangoni akageuka: "Shemeji, karibu ndizi."

Mnacheka. Nani kati yetu hajajipitisha kwenye moshi Jumapili asubuhi ili aonekane wa siku nyingi kwa Bwana?

Lakini wewe unayelia kwamba Mungu amekutosa kwenye chokaa, anakuparua, amekuwamba juani huku wenzio wamekaa kivulini, unadhani amekuchukia? Mungu haandiki juu ya ngozi mbichi. Inueni vichwa, ndugu zangu. Siku ya baraza lake tutakunjuliwa mezani mbele ya wote waliotucheka, nasi tutasomeka.