Chumba cha Juu kwa Salem

Wapo watu ambao wakisikia kelele hukimbia, na wakikuta kimya huvua viatu na kujinyoosha. Wahenga hawakuwa wepesi hivyo. Walijua kwamba mtoto akinyamaza jikoni kwa muda, mama huinuka kwenda kumtazama, kwa sababu kimya cha namna hiyo hakikosi kitu kilichomwagika. Wakatuachia usemi kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu, yaani mahali palipotulia kupita kawaida yake pana jambo linalotokota chini kwa chini. Kipngeno aliijua methali hii tangu shule ya msingi kule Bomet, Kenya. Aliwahi hata kuiandikia insha na kupigiwa makofi. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuikumbuka siku inapobisha mlangoni mwako ni jambo jingine.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2019 Kipngeno alikuwa akiishi Euless, Texas, katika nyumba ya kupanga iliyokuwa chini kabisa ya njia ya ndege. Alifanya kazi ya kutengeneza mikanda ya mizigo huko huko kwenye uwanja wa ndege. Mkewe, Jerioth, alikuwa muuguzi, na binti yao Chebet alikuwa amefikia umri wa kujibu kila swali kwa Kiingereza. Hawakulala njaa wala hawakukosa pa kulaza ubavu. Hata hivyo, moyo wa Kipngeno haukuwa Texas. Ulikuwa umebaki Libya, alikofanya kazi ujanani akiwa fundi wa pampu za maji jangwani, kabla ya vita vya mwaka wa 2011 kumfukuza na begi moja mgongoni.

Huko alikuwa na rafiki aliyeitwa Salem, fundi wa majokofu mjini Tripoli, mtu mwenye tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Kila likizo Kipngeno alilala kwa Salem, katika chumba cha juu chenye dirisha la buluu. Jioni walikaa barazani wakinywa chai nyeusi, nzito, yenye povu na karanga, huku Salem akisimulia habari za mtaa mzima bila kubakisha. Ah, chai ile! Kipngeno alijaribu kuipika Euless, akiimimina kutoka juu ili itoe povu, na mara nyingi povu lilitua kwenye kitambaa cha meza.

"Baba Chebet," Jerioth alimwambia siku moja akipangusa, "hiyo chai inataka nyumba yake."

"Basi wacha niifuate," alijibu akicheka, na kicheko hicho hakikuwa cha utani wote.

Kumbe fursa ilikuwa njiani. Kampuni moja ya Stafford, karibu na Houston, ilikuwa imepata kazi ya kufufua pampu zile zile, na ilimtaka mtu aliyezijua awaongoze mafundi wengine. Kipngeno aliposoma ujumbe wao alisimama katikati ya mizigo ya watu akatabasamu peke yake. Aliiona barabara ya pwani, akaliona dirisha la buluu, akajiona na nywele zake zote. Ukweli ni kwamba hakuwa akiitamani Libya peke yake. Alikuwa akiitamani miaka yake ya thelathini, na miaka hiyo haina ndege inayoifikia.

Mwishoni mwa Machi aliendesha gari hadi Stafford kwa maelezo ya usalama. Aliyempokea alikuwa Onyancha, Mkenya mwenzake, ambaye kazi yake ilikuwa kupima hatari za kisiasa katika nchi ambazo kampuni ilituma watu. Alieleza kwamba Libya ilikuwa bado na serikali mbili, moja magharibi na moja mashariki, kila moja na askari wake. Hata hivyo mkutano mkubwa wa mapatano ulikuwa umeandaliwa, na ramani yake ya Tripoli ilikuwa ya kijani kutoka pembe hadi pembe.

"Kaka, mwezi huu sijaona hata incident moja ya maana," Onyancha alisema. "Hata mimi nashangaa. Ni kama wamechoka kupigana. Wiki ijayo mna-fly."

Kipngeno alirudi Euless akiimba njia nzima. Jerioth alimkuta sebuleni akikunja mashati, simu ikiwa mezani ikicheza sauti aliyotumiwa na Salem. Tangu vita, Salem alikuwa akimtumia sauti ndefu zilizojaa vurugu: watoto, redio, matusi kwa wanasiasa wa pande zote mbili, na risasi za harusi, kwa sababu mitaa ilikuwa imejaa bunduki na kila bwana harusi alisindikizwa kwa kufyatua hewani. Sauti hii ya sasa ilikuwa fupi. Salem alisema wote wazima, anamshukuru Mungu, akaaga.

"Umesikia?" Kipngeno aliuliza kwa furaha. "Kumetulia kabisa. Hata risasi za harusi hazipo tena."

Jerioth aliketi. Alikuwa ametoka kazini na miguu ilimuuma.

"Wameacha kuoana," aliuliza polepole, "ama risasi zinawekwa akiba?"

Kipngeno alishika shati hewani.

"Usiniangalie hivyo," mkewe aliendelea. "Kumbuka mwaka ule baba yako alipotuacha. Kaka yako si hukupigia akaongea mambo ya mahindi, ya ua, ya governor, mpaka credit iishe? Siku hiyo alisema nini? 'Huku kwema tu.' Akakata. Ukafurahi ati wako sawa. Kumbe walikuwa wanangojea watu wa kanisa wakuje hapa kwa nyumba wakwambie."

Maneno hayo yalimchoma, maana yalikuwa kweli tupu. Kila aliyeishi ughaibuni anaijua desturi hiyo: habari mbaya haipitishwi kwenye simu kwa mtu aliye peke yake mbali. Hunyamaziwa, hufunikwa kwa salamu, mpaka wapatikane watu wa kumshika mkono. Kipngeno aliijua, na bado tamaa ya kurudi ilikuwa imemziba masikio kwa pamba. Aliona hasira kidogo, kisha akaona woga, kisha akaona aibu ya kuwaza kwamba nyuma yake wangeenda mafundi wengine, watu wenye wake na watoto, wakimfuata yeye.

Asubuhi alimpigia Salem. Hakumuuliza hali ya usalama, kwa kuwa alijua atajibiwa salama.

"Salem, ninakuja wiki ijayo," alisema kwa Kiarabu chake cha karakana. "Nitalala kwako kama zamani. Nitayarishie chumba cha juu."

Salem, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi, alinyamaza. Kipngeno aliisikia ndege ikipita juu ya paa la Euless, ikapita yote, na upande wa pili bado hakukuwa na neno.

"Kibu, ndugu yangu," Salem alisema hatimaye, akimwita kwa jina alilompa kwa sababu lile lingine lilimshinda, "chumba cha juu kimejaa unga."

"Unga?"

"Unga na maji. Msalimie mkeo." Simu ikakatwa.

Kipngeno alikaa na simu mkononi. Salem aliyekuwa tayari kulala sakafuni ili mgeni apate godoro alikuwa amemnyima chumba. Hakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Alimpigia Onyancha akamwambia kwamba hasafiri, na kwamba mafundi wengine nao wasipelekwe.

"Sababu ni gani?" Onyancha aliuliza kwa ukali. "Ramani ni ya kijani!"

"Nimenyimwa pa kulala na mtu asiyejua kunyima," Kipngeno alijibu. "Tafuta mtu mwingine, lakini mimi siongozi watu huko."

Onyancha alilalamika, lakini bila kiongozi safari haikuwezekana, ikaahirishwa. Kipngeno alirudi kwenye mikanda yake ya mizigo akijihisi mjinga aliyetupa bahati kwa ajili ya magunia ya unga. Siku chache baadaye, siku ya Alhamisi, majeshi ya mashariki yaliusogelea mji wa Tripoli. Mapigano yakafika vitongojini, na uwanja wa ndege ambako wangetua ukashambuliwa. Onyancha alipiga simu kusema asante.

Salem hakupatikana. Kipngeno alijaribu asubuhi na jioni. Jumapili moja, baada ya misa, ikaingia sauti, ndefu kama zile za zamani. Kwanza watoto, kisha mlipuko mzito uliofanya Chebet aruke kitini, kisha Salem akifoka kwa nguvu zake zote, akizitukana serikali zote mbili kwa zamu.

"Unasikia, Kibu? Watu wazima wanaichezea nyumba yangu mpira! Tuko hai, tunakula unga wa chumba chako. Nilijua nikikwambia usije, simu ina masikio. Lakini nisamehe. Sijawahi kumnyima mgeni chumba maishani mwangu. Usiku ule nililia kama mtoto."

Kipngeno alilia pia, waziwazi, mbele ya binti yake. Alimlilia Salem, akaililia baraza ile na jioni zile, kwa kuwa sasa alijua hazipo tena mahali popote pa kurudiwa. Kisha aliinuka akapika chai, akaimimina kutoka juu, povu likatua kwenye kitambaa. Jerioth alileta kikombe cha pili na karanga, wakaketi wakiisikiliza tena sauti ile tangu mwanzo.

Wahenga hawakuwahi kufika Tripoli wala Euless, lakini ya Kipngeno walikuwa wameshayasema: kimya kingi kina mshindo mkuu.