Ubao Mmoja, Jina Moja

Hapo zamani, si zile za sungura kuvaa suruali bali zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na mji wa mbao uitwao Lugelele, huko nyanda za juu ambako ukungu huchelewa kuamka kuliko watu. Mji huo ulikuwa na timu ya mpira, Misumeno. Timu ikishambulia, uwanja mzima ulipiga kelele neno moja: "Kata! Kata! Kata!"

Misumeno walikuwa na desturi yao. Kila msimu ukiisha, walipigilia ubao mmoja mpya kwenye jukwaa, na ubao huo ulichongwa jina la mchezaji aliyeubeba msimu. Ubao mmoja, jina moja. Na aliyechongwa haachwi: msimu unaofuata ana mkataba, hata mvua inyeshe mawe. Wanachama husema, meneja huchonga. Na meneja akichonga vibaya, wanachama humfungashia virago kabla vumbi la mbao halijatulia.

Meneja mkuu wa wakati huo alikuwa Editruda Kihwele, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, msomi wa uhasibu wa chuo kikuu. Kila mkataba aliukagua mara mbili, kisha akaukagua tena, kwa sababu aliamini mara mbili ni za watu wasio na wasiwasi. Lakini akishakagua, hakutetereka.

Na ligi ile ilitaka mtu wa namna hiyo. Timu kadhaa zilikuwa zimekufa kwa madeni, basi viongozi wakakubaliana: mishahara ya wachezaji wote wa timu moja, ikijumlishwa, isizidi milioni arobaini kwa mwezi. Ukizidisha, pointi zinakatwa. Watu wa Lugelele, ambao nusu yao ni mafundi wa nyumba, waliiita sheria hiyo paa. "Chini ya paa lala utakavyo," walisema. "Ukilitoboa, mvua ni yetu sote."

Editruda akajenga chini ya paa. Wakongwe wa bei kubwa akawaaga. Akasajili vijana wanane kwa mikataba ya ngazi: mwaka wa kwanza mshahara mdogo, mwaka wa pili unapanda. Mama Yusta, kiongozi wa washangiliaji, alipowaona vijana hao mazoezini alishika kiuno.

"Dada Meneja, umetuletea timu au chekechea?"

"Shikamoo, Mama Yusta. Nimekuletea miguu."

"Marahaba. Miguu hata kuku anayo!"

Lakini vijana walikimbia. Walikimbia mpaka nusu ya msimu timu ikawa ya pili. Hapo ndipo balaa la kwanza lilipobisha hodi.

Kipa akavunjika mkono. Aliyeumia haachi kulipwa, kwa hiyo nafasi yake chini ya paa ilibaki imejaa. Editruda alimjua kipa mmoja, Kassimu Ndauka, aliyeachwa na timu yake na sasa alikuwa akikaanga chipsi stendi.

"Yule?" kocha akacheka. "Yule siku hizi anadaka mayai tu."

"Nilimtazama akicheza misimu miwili. Anadaka. Tatizo si yeye, tatizo ni paa. Limejaa."

Jioni hiyo nahodha akaingia ofisini. Lameck Chengula, beki wa kati, mtu mzima kuliko wote kikosini. Hakukaa.

"Dada, mimi nakula milioni tatu. Nikate."

"Nikukate vipi, Nahodha?"

"Katikati. Si tunaitwa Misumeno? Nusu yangu mpe kipa."

Editruda alijua kwamba Lameck alikuwa anajenga. Nyumba yake ilikuwa imeezekwa bati upande mmoja, upande wa pili ilikuwa inatazama mbingu.

"Na nyumba?"

"Upande mmoja unatosha. Watoto wamezoea kuhesabu nyota."

Akatia saini. Editruda akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Nahodha, paa hili litakukumbuka."

Kassimu akaja, akasimama golini. Balaa la kwanza likaondoka, la pili likaingia bila hata kubisha.

Timu kubwa ya pwani ilimtaka Shaibu Mng'ong'o, mshambuliaji, mfungaji wa karibu nusu ya mabao ya Misumeno. Ilimwahidi mara mbili ya mshahara wake. Editruda hakuwa na kitu cha kumwongeza. Mzee Mwinuka, mwenye kiwanda kikubwa cha mbao na mfadhili wa timu, akaona hawezi kulala hali Shaibu anaondoka. Akamwita pembeni, akampa bahasha iliyovimba.

"Mwanangu, huu si mshahara. Hii ni chai tu. Kila mwezi utapata chai."

Shaibu akaipima kwa mkono. "Mzee, chai gani hii ya kunywewa na ukoo mzima?"

"Pokea. Nani atajua?"

Shaibu akamshika mzee mkono kwa adabu, wakaenda pamoja mpaka ofisini kwa Editruda. Akaiweka bahasha mezani. "Meneja, Mzee amesahau mzigo wake." Kisha akachukua simu, akawapigia watu wa pwani hapo hapo, akawaambia asante, hapana.

"Kwa nini?" Editruda aliuliza. "Pwani ni halali. Ungeenda."

"Vijana wananipasia mpira wakijua wote tuko chini ya paa moja. Nikiondoka katikati ya msimu nimewaacha uwanjani. Nikibaki na bahasha nimewaibia. Nikae tu nilivyo."

Editruda, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema, "Shaibu, mtu kama wewe hakosi pa kulala hapa."

Mwezi uliofuata wakaguzi wa ligi wakazunguka timu zote. Timu iliyokuwa ikiongoza ilikutwa na bahasha za namna ile ile, ikakatwa pointi sita. Huko Lugelele wakakagua, wakakagua, wakakuta safi. Misumeno wakapanda kileleni. Siku hiyo Mzee Mwinuka alitokwa jasho kwenye baridi ya kuvaa makoti mawili.

Halafu ikaja mechi ya mwisho. Sare inawapa Misumeno ubingwa. Kufungwa kunawapa wageni. Washabiki wa wageni walimwimbia Kassimu tangu alipotoka kupasha misuli: "Lete chipsi! Tia mayai!" Naye akawauliza kwa ishara kama wanataka na pilipili.

Kipindi cha kwanza kidole chake kikateguka. Daktari wa timu akakifunga pamoja na jirani yake. Wakati wa mapumziko, chumbani, kocha alitaka kumtoa, na kipa wa akiba alikuwa kijana ambaye hajawahi kucheza mechi ya ligi.

"Nitoke niende wapi?" Kassimu alisema. "Jiko nimeshaliuza."

Editruda alikuwa mlangoni. Akamwambia, "Kassimu, ukisimama pale, umesimama kwenu."

Akasimama. Dakika ya mwisho, penalti kwa wageni. Mpigaji akapiga kulia kwa Kassimu, Kassimu akaruka huko huko, mpira ukagonga vile vidole vilivyofungwa, ukagonga mwamba, ukatoka. Sifuri kwa sifuri. Kata! Misumeno mabingwa, kwa mara ya kwanza tangu mji uwe mji.

Watu wakacheza mpaka asubuhi. Editruda hakucheza. Alikuwa anajua kitakachofuata.

Mikataba ya watatu hawa, Lameck, Shaibu na Kassimu, iliisha pamoja. Msimu ule wote watatu walikuwa wamechukua milioni sita za paa. Lakini sasa vijana wanane walikuwa wamepanda ngazi, kila mmoja kwa haki yake, kwa saini ya Editruda mwenyewe, na ngazi zile zilikuwa zimekula tatu. Zilibaki milioni tatu tu. Lameck aliutaka mshahara wake mzima urudi. Kassimu alikuwa ameahidiwa tatu na timu nyingine. Shaibu, ambaye mshahara wake peke yake ulikuwa tatu, alikuwa bado akisubiriwa pwani. Nafasi ya mtu mmoja.

Jumapili wanachama wakakusanyika jukwaani. Ubao mpya ulikuwa umeshapigiliwa, bado unanukia msonobari. Editruda akaeleza yote, hakuficha.

"Kosa ni lako!" mmoja akapaza sauti. "Nani alikutuma kujenga ngazi?"

"Kama ni kosa," Editruda akajibu, "jana mlilibeba mabegani mkazunguka nalo mji mzima, na lilikuwa la dhahabu. Ngazi zile zilitupandisha. Leo zinabana. Yote mawili ni yangu."

Watu wakacheka, wakatulia. Mzee Mwinuka akainuka. "Mimi ninayo njia ndogo..."

"Kaa chini, Mzee Chai!" jukwaa zima likajibu. Akakaa.

Lameck akasimama. "Mimi ni mtu wa maneno machache. Nilipojikata, hakuna aliyeniomba. Bila nusu yangu, golini angesimama nani? Na meneja aliniambia: Nahodha, paa hili litakukumbuka. Basi likumbuke. Masika yanakuja, na nyumba yangu bado nusu."

"Wagawane basi, milioni moja moja!" mtu akashauri.

"Mimi nimeshagawanywa," Lameck akasema. "Msumeno haupiti mara mbili kwenye mti uleule."

Shaibu akasimama. "Nahodha alitoa cha kwake, ni kweli, namheshimu kama kaka. Lakini hata angetoa mshahara wote, kama mimi ningepokea ile bahasha, leo kombe lingekuwa kwa wengine. Sikupoteza nusu, nilipoteza mara mbili: bahasha na pwani. Na meneja aliniambia: mtu kama wewe hakosi pa kulala hapa. Nimekuja kulala."

Kassimu akasimama, kidole chake bado kimefungwa. "Wenzangu wamesema kweli. Mmoja alitoa, mmoja alikataa. Lakini ile dakika ya mwisho, kutoa na kukataa vyote vilikuwa vimekaa jukwaani vinanitazama. Ningekosea upande, nani angemkumbuka nahodha? Nani angeuliza habari za bahasha? Na meneja aliniambia: ukisimama pale, umesimama kwenu. Sasa mtu anafukuzwa kwao?"

Jukwaa likachemka. Mama Yusta, aliyemwita Kassimu mkaanga mayai siku alipofika, sasa alikuwa upande wake: "Mikono ndiyo iliyoleta kombe!" Kocha akasema, "Penalti ni kazi ya kipa, analipwa kwa hiyo. Nani alimlipa Lameck ajikate?" Mwingine akasema, "Kujikata hakuna hatari. Shaibu alijaribiwa." Mwingine tena, "Kukataa wizi ni sifa tangu lini? Tangu lini tunamchongea mtu ubao kwa kutokuiba?" Naye akajibiwa, "Tangu tulipoona waliokubali wamepoteza kombe!"

Wakasema mpaka sauti zikakauka. Kisha, kama desturi ilivyo, wakanyamaza. Wanachama husema, meneja huchonga.

Editruda akashika patasi na nyundo. Hesabu zake alikuwa ameshazikagua mara tatu, na kila mara zilimpa jibu lile lile: nafasi moja. Nani aingie, hesabu hazikusema. Alijua kwamba wawili wataondoka wakiwa na haki yao mkononi na neno lake masikioni. Alijua pia kwamba akichonga vibaya, yeye atakuwa wa tatu kuondoka. Alikuwa na jina moja moyoni, akaiweka patasi juu ya ubao.

"Kata," Mama Yusta akanong'ona. Jukwaa likapokea, taratibu, likipanda: "Kata. Kata! Kata!"

Nami hapo namwachia nyundo iko juu. Nyinyi mliosikia yote, mliowaona wote watatu, ubao huo hapo mbele yenu, mtupu, unanukia msonobari. Yupo aliyetoa, yupo aliyekataa, yupo aliyezuia. Je, ni jina la nani lilistahili kuchongwa?