Kwa Nini Mfupa wa Pwani Hushika Ulimi

Chekeni tu, wajukuu zangu. Mmemwona bibi yenu akiokota jiwe ufuoni na kulilamba, mkadhani uzee umemzidi. Meno yamekwisha, akili ingalipo. Kaeni hapa niwaambie.

Zamani, mawe yalikuwa mawe na mifupa ilikuwa mifupa. Kiumbe wa baharini akifa, mchanga ulimsaga akaisha, asijulikane kama aliwahi kuishi. Hakuna aliyelalamika, maana ndivyo dunia ilivyokuwa.

Siku moja Nyangumi alijifungua karibu mno na nchi kavu. Maji yakapwa, mwanawe akakwama topeni kabla hajaonja titi la mama. Nyangumi alimwita, naye akaitikia, lakini hapakuwa na maji ya kumfikishia. Bahari iliporudi kujaa, mtoto alikuwa amekwisha kufa kwa kiu. Mama alilia hata samaki wakaihama pwani hii.

Kisha akauomba Mchanga umtunzie mwanawe, asisahauliwe. Mchanga ukasema, "Mimi mwenyewe hupeperushwa, nitamtunzaje?" Akaliomba Jiwe. Jiwe ni zito hata kwa maneno. Maji yalipwa na kujaa tena. Ndipo liliposema, "Nitamtunza, mama. Nitaingia mfupani mwake polepole, asiishe. Lakini kiu yake siwezi kuiondoa."

Nyangumi akakubali. Angefanya nini?

Vizazi vikapita. Watu wakaja, wakaona mawe yaliyokaa vizuri, wakayafanya mafiga. Wakateleka vyungu juu ya mbavu za mtoto wa mwenzao! Siwalaumu, kwa macho yalikuwa mawe.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Mwanatumu, aliyekuwa akinyonyesha. Alishuka ufuoni na wenzake kutafuta figa la tatu la jiko lake, na kabla ya kulibeba alililamba kuona kama lina chumvi, kwa kuwa jiwe lililokolea chumvi hupasuka motoni. Jiwe likamshika ulimi. Akavuta, likashika. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka, kwani kushikwa kule alikujua. Mwanawe alimshika hivyo hivyo kila alfajiri. Maziwa yakamchuruzika kifuani.

"Jamani, hili si jiwe," alisema. "Huyu ni mtoto, na ana kiu."

Wanawake wakarudi nyumbani, wakazima mioto yao. Mafiga yalipopoa waliyalamba yote, na kila lililoshika walilirudisha ufuoni kwa mikono miwili. Siku ile watu walilala na njaa, lakini walilala vizuri. Kulipokucha, Nyangumi alionekana mbali akirusha maji juu, na samaki walikuwa wamerudi.

Na tangu siku hiyo, mtu wa hapa hakipi jina alichookota kabla hajakigusa kwa ulimi. Jiwe tupu litakuachia mara moja. Mfupa uliogeuka jiwe utakushika. Ukikushika, mjukuu wangu, usiuvute kwa pupa. Mwache anyonye kidogo.