Habibi wa Tangi la Kioo

“Mkunga hajui mkono, ajua harufu.”

Mmelisikia neno hili leo mchana, shangazi yenu alipomrushia yule binamu ambaye haonekani mwaka mzima ila siku ya biriani. Nyote mmecheka, na nusu yenu hamjui mlichokichekea. Sogeeni basi, na huyo aliyesimama mlangoni akae chini, maana hadithi ya wima haina utamu. Mkunga anayetajwa hapa ni yule samaki mrefu kama nyoka, anayejificha kwenye matundu ya mwamba. Na neno lenyewe halikutoka baharini. Lilizaliwa Tanga, mtaa wa Makorora, sebuleni kwa Bi Sikudhani, na lilizaliwa kwa damu.

Bi Sikudhani alikuwa mpaka hina, na si mpaka hina wa kubahatisha. Mkono wake wa kulia ukishika koni ya hina, maua yalimwagika kwenye kiganja cha bibi harusi kama yaliyokuwa yakisubiri humo siku nyingi. Bibi harusi akitoka na hina ya mtu mwingine, watu walimuuliza mama yake, “Kwani mmegombana na Sikudhani?”

Nyumba yake ilikuwa haijui kufungwa. Asubuhi kahawa, mchana wali, alasiri kashata, na katikati ya hayo yote, habari: nani kaposwa, nani kaachika, nani kanunua makochi mapya na paa linavuja. Mwenyewe alipenda hivyo. Akikaa saa nzima peke yake, alikwenda kusimama barazani mpaka apite mtu wa kumwita.

Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi Mzee Mbaruku, aliyetunza matangi ya samaki kwenye chuo kimoja cha mambo ya bahari mpaka alipostaafu. Chuo kilipoondoa matangi yake, samaki wengine walirudishwa majini, akabaki mkunga mmoja wa madoa meusi na manjano, urefu wake mkono wa mtu mzima. Mzee akapewa, yeye na tangi lake. Bi Sikudhani alipomwona, macho yalimtoka.

“Mzee wangu, huyu nipe mimi,” alisema. “Wateja wangu wakisubiri hina ikauke, mikono hawana, wana macho tu. Nao wapate cha kutazama.”

Mzee Mbaruku alifikiri, akakubali, lakini alimkalisha kitako kwanza.

“Sikiliza, mwanangu. Kifuniko kiwe na tofali juu, maana huyu hupenya upenyo wa vidole viwili, na asubuhi utamkuta mkavu chini ya kabati. Chakula, vipande vya samaki au ngisi, Jumapili na Jumatano, basi. Na umlishe kwa koleo refu. Mkono wako usiingie majini.”

“Kwani ana sumu?”

“Ana meno. Meno yenyewe yameinama kwenda ndani, kama ndoana. Na kooni ana taya la pili la kuvutia chakula ndani. Macho yake mabovu, huyu huona kwa pua.”

Bi Sikudhani aliitikia kila neno. Akampa mkunga jina la Habibi, na mwezi wa kwanza alifuata sharti kama mwari aliye ndani.

Lakini nyumba ya watu ni nyumba ya watu. Wanawake walijaa mbele ya kioo. Habibi alichungulia kutoka kwenye kipande chake cha bomba, akifumbua na kufumba kinywa, akifumbua na kufumba.

“Anaongea!” alisema Mwanakombo, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke ambaye habari ikimfikia saa nne, saa tano mtaa mzima unayo. “Anakusalimia, shoga!”

Mzee Mbaruku alishawaambia kwamba ndivyo mkunga anavyopumua. Nani alitaka kusikia hilo? Siku moja koleo halikuonekana, wageni wamekaa mkao wa kutazama, Bi Sikudhani akatumbukiza mkono wenye kipande cha ngisi. Habibi alitoka taratibu, akakichukua kwa adabu, kisha akalaza kidevu chake kwenye kiganja cha yule mama na kutulia. Sebule nzima ikapiga kelele. Tangu hapo koleo likawa la makaa.

“Ananijua huyu,” alikuwa akisema. “Mtoto wa kuzaa utamwita mara tatu asikuitikie. Habibi anazijua hata hatua zangu.”

Ikawa kila mgeni anataka kumkirimu. Nyumba ya Mswahili, wote mnakula na mmoja anatazama? Huyu kipande cha dagaa, yule pembe ya sambusa, mwingine chapati. Habibi akaacha kula siku tisa. Bi Sikudhani alimfuata Mzee Mbaruku akilia machozi.

“Habibi kaninunia, mzee wangu. Sijui nimemkosea nini.”

Mzee alikuja, akatazama tumbo la mkunga, akatazama makombo ya chapati chini ya maji. “Hajanuna,” alisema, “amevimbiwa. Na wewe rudisha koleo, kabla hujajuta.”

“Habibi hawezi kunidhuru.”

“Mwanangu, mimi nimewatunza miaka ishirini na mbili, na sijawahi kumkuta hata mmoja aliyejua jina langu.”

Alicheka Bi Sikudhani. Aliona mzee ana kijicho.

Basi ikaja harusi ya Zamzam, binti wa ukoo mkubwa wa Pangani. Hina ilikuwa Ijumaa. Alhamisi shangazi watatu wa bibi harusi wangekuja Makorora kuchagua maua, na ilikuwa dhahiri wanakuja pia kumwona Habibi. Sifa zake zilishavuka mto. Bi Sikudhani akaona itakuwa haya, tena haya makubwa, kama Habibi atashiba na kubaki kwenye bomba lake siku hiyo. Akamnyima chakula wiki nzima makusudi, ili wageni wakifika atoke mbio.

Alhamisi alipika pilau ya kamba. Alikaa jikoni tangu asubuhi akimenya kamba, vichwa huku, maganda kule, na mikono imelowa maji yake. Hajamaliza, mlangoni hodi. Shangazi wamefika kabla ya saa. Alipangusa mikono kwenye kanga, akatoka kuwapokea.

Walikunywa sharubati, wakachagua maua. Kisha shangazi mkubwa, mama mnene mwenye sauti ya kuamuru, aligeukia tangi.

“Ndiye huyu nyoka anayekupenda?”

“Si nyoka, shangazi, ni mkunga. Na kunipenda, ananipenda kweli. Ngoja nilete ngisi muone.”

“Ngisi wa nini? Mwenye chakula hupendwa hata na paka wa jirani. Kama anakujua, mpe mkono mtupu.”

Wenzake wakacheka. Mwanakombo, ambaye hakukosa shughuli yoyote, akadakia, “Mwonyeshe, shoga! Mwonyeshe!”

Bi Sikudhani aliondoa tofali, akafunua, akazamisha mkono wake wa kulia. Mtupu.

Habibi hakutoka taratibu siku ile. Hakuna aliyemwona akitoka. Palikuwa na mkono na maji, kisha palikuwa na mkunga ameshakuwa sehemu ya mkono, vidole viwili vimezama kinywani mpaka fundo la pili, na maji yakaanza kubadilika rangi.

Bi Sikudhani hakupiga kelele. Wengine ndio waliopiga. Shangazi mkubwa alijikuta amesimama juu ya kochi, buibui mkononi, na mpaka leo hajui alipandaje. Mwanakombo aliushika mkono wa shoga yake, akavuta kwa nguvu zake zote. “Mwachie! Mwachie, mwana wa haramu wee!” Kadiri alivyovuta ndivyo meno yalivyochana, na hapo Bi Sikudhani akatoa sauti ambayo mtaa ule ulikuwa haujaisikia bado.

Mzee Mbaruku aliingia na kiatu kimoja.

“Asivute mtu! Mwanakombo, toa mkono wako! Sikudhani, mwanangu, tulia. Uache mkono majini. Usimvute.”

“Ananila, mzee! Habibi ananila!”

“Najua. Tulia. Ukitulia ataachia.”

Akatulia. Palikuwa na kimya ambacho sebule ile haikuwahi kuwa nacho, ila pampu ya hewa ikitoa mapovu yake kama kawaida. Na katika kimya kile Bi Sikudhani aliinamia maji, akatazama jicho la Habibi. Alitafuta hasira, hakuiona. Alitafuta aibu, hakuna. Lilikuwa jicho lile lile, dogo, la mviringo, lililomtazama miezi saba akilala kwenye kiganja chake. Hapo ndipo mwili ulipomsisimka zaidi ya maumivu yenyewe.

Mkunga akaachia. Akarudi kwenye bomba lake, akafumbua kinywa na kufumba, akafumbua na kufumba.

Hospitali walimshona nyuzi kumi na saba. Kidole cha kati kilipona. Kile cha shahada, kile kinachoongoza koni ya hina, mshipa wake ulikatika, na daktari hakumficha: huenda kisikunjike tena. Zamzam alipakwa na mtu mwingine. Na mtaani habari ilitembea na miguu minne. Wa kwanza alisema kapoteza kidole, wa pili mkono, na mpaka inafika sokoni Bi Sikudhani alishazikwa.

Ajabu ya pili ilikuja bila kelele. Nyumba ilinyamaza. Asiyeweza kushika mwiko hapiki, na asiyepika hatembelewi. Wiki ya kwanza walikuja kutazama jeraha. Ya pili walipita barazani wakisema, “Pole, bibie, tunawahi.” Ya tatu hawakupita. Bi Sikudhani alikaa sebuleni na mkono wake uliofungwa bendeji, akihesabu sauti za viatu zinazopita mlango wake bila kusimama. Aliyekuja kila asubuhi alikuwa Mwanakombo, na bakuli la uji usio na hata sukari ya kutosha. Alimlisha, akamfulia, akamletea habari zote za mjini na nyingine alizozitunga njiani.

Kila siku Mwanakombo alisema, “Tumkaange huyu.” Na ilipotimia wiki ya tano, Bi Sikudhani mwenyewe akamwita Mzee Mbaruku.

“Mtoe. Muue, mkaange, fanya utakavyo. Nimemlea, kanisaliti.”

Mzee aliingia jikoni akatoka na mwiko wa mti. Alikuwa na kipande cha ngisi kwenye karatasi, akausugua mwiko nacho juu na chini, kisha ngisi akamweka pembeni. Akafunua tangi, akauzamisha mwiko.

Habibi alitoka. Aliuzunguka, akauonja kwa ncha ya kinywa, akaona hautafuniki. Kisha, taratibu, akalaza kidevu chake juu ya mwiko na kutulia.

Bi Sikudhani aliruka kwenye kiti.

“Mwiko!” alisema. “Mzee Mbaruku, anaulalia mwiko!”

“Naona.”

“Kama alivyonilalia mimi!”

“Vile vile.”

“Habibi!” akamwita. “Habibi, mimi hapa!” Mkunga hakugeuka. Aliuegemea mti ule kwa mapenzi yote.

“Subhanallah,” alinong’ona Mwanakombo.

“Hakukusaliti, mwanangu,” alisema Mzee Mbaruku. “Msaliti sharti kwanza awe anakujua. Huyu siku ulipokuwa na ngisi alimfuata ngisi, na siku ulipokuwa na kamba alimfuata kamba. Wewe hakuwahi kukutana nawe.”

Bi Sikudhani aliutazama mkono wake, akautazama mlango uliokuwa wazi na usio na mtu, akamtazama Mwanakombo na bakuli lake la uji. Alipofumbua kinywa, alisema polepole, kama anayeonja chumvi:

“Mkunga hajui mkono, ajua harufu.”

Mwanakombo alilichukua neno hilo bado la moto. Kabla ya adhuhuri lilishafika Ngamiani.

Habibi hakukaangwa. Alirudi kulishwa Jumapili na Jumatano, kwa koleo, tofali juu ya kifuniko, na mgeni aliyekaribia na sambusa alikatwa jicho. Bi Sikudhani alikaa miezi mitatu akimpaka Mwanakombo maua mabaya mikononi, akayafuta kwa ndimu, akampaka tena, mpaka alipojifunza kubana koni kati ya dole gumba na kidole cha pete. Cha shahada kilibaki kimenyooka, kama kinamwonyesha mtu njia. Maua yakarudi. Si yale ya zamani. Majani yake yalikuwa mapana zaidi na mistari michache. Lakini dada wa Zamzam alipoposwa, Pangani walileta ujumbe kwamba wanamtaka yeye.

Siku aliyopokea ujumbe ule alipika pilau, sufuria kubwa, kwa mara ya kwanza tangu ajali. Bizari ilivuka ukuta, ikavuka barabara. Na wao hao wakaja. Waliingia mmoja mmoja kwa visingizio: huyu alikuwa na mgonjwa, yule alisafiri, mwingine, “Tuliogopa kukusumbua, shoga, na maumivu yako.”

Mwanakombo alisimama katikati ya mlango, mikono kiunoni.

“Leo ndiyo mmeiona njia? Rudini mlikotoka! Sikudhani, niwafukuze?”

Bi Sikudhani alikuwa anapakua. Sahani ya kwanza, iliyojaa mpaka pomoni, aliitenga akaiweka kwenye kiti cha Mwanakombo. Kisha akawatazama waliojaa mlangoni, akacheka kile kicheko chake cha zamani.

“Waache wapite, shoga. Mkunga hajui mkono, ajua harufu. Nami nimepika ili inukie.”