Ubao Uliooza Chini ya Mlingoti

Wanasimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kandokando ya mto Dijla aliishi mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba binti Qudama. Mumewe alikuwa mvushaji wa watu mtoni. Alifariki kwa homa, akamwachia mabinti wadogo, mkubwa wao Rababu, na mashua moja kuukuu. Kabla ya roho kumtoka, alimshika mkewe mkono akamwambia, "Ummu Rababu, chini ya mlingoti kuna ubao uliooza. Maji yakitulia haujulikani. Upepo ukijaa tangani, mlingoti huukandamiza, nao hufunguka. Ukimuuzia mtu, mwambie."

Eda ilipokwisha, na chakula cha watoto kikawa cha kubahatisha, Lubaba alimwita Zur'a, dalali wa gatini, mtu hodari wa maneno. Akamweleza habari ya ubao ule, hakumficha kitu. Zur'a akasema, "Niachie mimi, bibi. Kusema ndiyo kazi yangu. Wewe kaa na wanao." Lubaba akaridhika, au alijilazimisha kuridhika, kwa kuwa njaa ilikuwa imeshaingia nyumbani.

Haukupita muda mrefu, Zur'a akarudi asubuhi moja na fedha za mashua ndani ya kitambaa. Aliyeinunua ni Ghaylani, askari wa zamani wa mpakani, mtu ambaye sokoni wote walimpisha. Ilijulikana kwamba aliwahi kumvunja mkono mchuuzi aliyempunja kipimo.

Lubaba hakukigusa kitambaa. Akauliza, "Ulimwambia habari ya ubao?"

Zur'a akatazama mlangoni kwanza. "Nimeupaka lami ukapendeza. Yeye hakuuliza, nami sikusema. Na wewe usije ukasema, bibi. Mtu yule akijua atakuja hapa na upanga, na humu ndani hamna mwanamume."

"Yuko wapi sasa?"

"Anapakia vyombo. Anahamia ng'ambo na mkewe na mama yake mzee."

Upepo ulikuwa ukilitikisa pazia la mlango. Wazo likamjia Lubaba, nalo lilikuja taratibu: nikinyamaza, mto utamaliza kila kitu. Watu watasema ni kudra, watawasalia waliozama, na hakuna atakayenishitaki. Alipoona jinsi wazo lile lilivyo jepesi, akaingiwa na hofu kubwa kuliko ile ya upanga. Akajiona amesimama Siku ya Hesabu, na mbele yake bibi kizee mwenye nguo zilizolowa maji, akimtazama tu bila ya neno.

Akamkabidhi jirani watoto, akachukua kitambaa na fedha zake, akakimbia hadi gatini. Mashua ilikwisha kung'oa nanga. Lubaba akamsihi mzee Suwaydi, mvuvi aliyekuwa rafiki wa marehemu, ampeleke kuwafuata kwa kijahazi chake.

Nanyi jueni kwamba bibi huyu, ingawa alikuwa mke wa mvushaji, aliyaogopa maji tangu utotoni, na mashua ya mumewe hakupata kuikanyaga. Sasa alikaa katika kijahazi kidogo, mawimbi yakirukia mapajani mwake, macho ameyafumba, ulimi wake haukomi kuleta istighfari. Kila walipopanda wimbi alidhani ndiyo mwisho.

"Bibi," Suwaydi akasema huku akivuta makasia, "tanga lao limejaa."

Akafumbua macho. Akaita, lakini upepo ukamnyang'anya sauti. Walipoikaribia mashua, kwa kuwa ilikuwa nzito kwa vyombo, Ghaylani akawaona wanamfuata, akadhani ni wanyang'anyi, akasimama na upanga mkononi. Lubaba akajiinua, akaushika mkono wa Suwaydi, akapaza sauti kwa nguvu zake zote: "Mimi ndiye mwenye mashua! Chini ya mlingoti pameoza! Shusha tanga, kwa haki ya Mola wako, shusha tanga!"

Ghaylani akasita. Mkewe akainua mbao za sakafu, na mara akapiga ukelele. Maji yalikuwa yamekwisha kufika kwenye mataruma, mbavu za mashua.

Tanga likashushwa. Wakamhamisha mama mzee kwanza, kisha mke, na Ghaylani akabaki akiyachota maji na kuyamwaga nje kwa sufuria ya mkewe huku Suwaydi akiivuta mashua kwa kamba, hata wakafika ufukweni wakiwa hai wote.

Hapo Ghaylani akamwendea Lubaba, upanga mkononi tena.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu mwanzo. Nilimwambia dalali, nikajitosheleza na ahadi yake. Kosa ni langu. Fedha zako hizi."

"Umepata kusikia habari zangu?"

"Nimesikia."

"Hukuniogopa?"

"Nakuogopa hata sasa."

Akazidi kumnyoshea kitambaa cha fedha.

Ghaylani akasema, "Ungenyamaza, tungezama, wala hakuna ambaye angejua."

"Hilo ndilo lililonileta," akajibu Lubaba. "Hakuna ambaye angejua isipokuwa Yeye."

Yule askari akaurudisha upanga alani. Akatazama mahali mama yake alipokaa akijikausha juani, kisha akapokea fedha zake akaenda zake bila ya kuaga. Lubaba akarudi nyumbani mikono mitupu, na siku ile wanawe walikula kwa jirani. Lakini baada ya Ijumaa kupita, Ghaylani alirudi na seremala, akaubadilisha ubao, kisha akainunua mashua ile tena mbele ya mashahidi, kutoka mkononi mwa Lubaba mwenyewe. Ama Zur'a, watu waliacha kumkabidhi mali zao.

Ndugu zangu, wengi wetu huficha kasoro ya bidhaa nyuma ya ulimi wa mtu mwingine, tukalala usingizi. Bibi yule hakujaliwa moyo usioogopa. Aliogopa maji, aliogopa njaa, aliogopa upanga. Alichojaliwa ni kujua amwogope nani kwanza. Mwenyezi Mungu atujaalie nasi hofu hiyo.